Samaki Aliyeitwa Mshikamano

Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya: nchi yetu ina amani. Imeandikwa hivyo kwenye stempu za barua, kwenye tiketi za basi na mgongoni mwa mifuko ya sukari. Anayetaka kubisha hazuiliwi, kuna fomu yake, na fomu zikiisha anaombwa asubiri.

Ni kweli kwamba mwezi wa nne wa mwaka ule kulitokea jambo katika Mtaa wa Mabati. Wakazi walitoka na ndoo tupu kwenda kuuliza maji yamekwenda wapi, wakakutana barabarani na askari waliobeba vitu vingine. Serikali ililipa jambo hilo jina la Kutokuelewana Kudogo. Siku ya tatu yake barabara ilioshwa kwa magari mawili ya maji, na wakazi wakaona kwa macho yao kwamba maji yapo.

Muda mfupi baadaye ikaundwa Wizara ya Utulivu na Kuishi Pamoja. Mimi nilihamishiwa huko kutoka Idara ya Mizani na Vipimo, niwe karani wa kuandika kumbukumbu za vikao. Kwa hiyo haya ninayosimulia niliyaona, na ambayo sikuyaona niliyaandika mwenyewe.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Fulgensi Tabwara, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kumshukuru mtu. Wiki yake ya kwanza alisafiri kwenda ng'ambo kujifunza amani. Huko jino likamuuma. Akapelekwa kwa daktari wa meno, na kwenye chumba cha kusubiria akakuta tangi la kioo lenye samaki wa kila rangi, wakubwa kwa wadogo, wanapishana bila kugusana. Alikaa mbele ya tangi lile saa mbili. Alipoitwa ndani alikataa kuingia. Jino lilikuwa limeacha kuuma.

Aliporudi alitukusanya. "Ndugu zangu," akasema, machozi yakimlengalenga, "amani nimeiona. Imo ndani ya maji. Nawashukuru."

Nikaandika: Mheshimiwa Waziri ameiona amani, imo ndani ya maji.

Tangi letu lilijengwa sebuleni kwake, refu kama kitanda cha watu wawili, likaitwa Tangi la Taifa. Mpango ulikuwa kwamba kila jioni, kabla ya taarifa ya habari, televisheni ilionyeshe kwa dakika tano, wananchi watazame wajifunze kuishi pamoja. Nchi rafiki ikatuletea zawadi ya samaki mmoja mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mkubwa kama kiatu cha mwanajeshi. Waziri akampa jina la Mshikamano. Wizara nayo ikanunua dukani samaki wadogo waitwao gapi, arobaini, wenye mikia kama vitambaa vya harusi. Hao hawakupewa majina mmoja mmoja. Kwa jumla waliitwa Wananchi.

*

Aliyeitwa kuwatunza alikuwa Anselmi Kidunda, Bwana Samaki wa serikali kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa amevuta nyavu katika mabwawa ya wilaya zote mpaka mgongo ukapinda kidogo upande wa kushoto. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, arudi kwao Kisanga akachimbe bwawa lake mwenyewe, dogo, lisilo na mkaguzi. Aliongea taratibu, kama mtu anayeweka akiba ya pumzi. Alikuwa anakaa Mtaa wa Mabati, jambo ambalo kwenye faili lake lilikuwa limepigiwa mstari kwa penseli.

Alikuja kwenye kikao cha kamati akiwa na viatu vyenye matope, akamwangalia Mshikamano kwa muda, kisha akawaangalia gapi kwenye mfuko wao wa nailoni.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "huyu mkubwa anaitwa oska. Si samaki mbaya. Hana chuki na mtu. Ila anakula kila kinachoenea mdomoni mwake, na hawa wanaenea watatu kwa mpigo."

Mkuu wa Itifaki, Bi Perpetua Mshindo, alivua miwani. Huyu mama ndiye aliyejua nani akae wapi na nani amtangulie nani katika nchi yetu nzima, na hakuwahi kukosea.

"Unataka kusema hawajaelimishwa?" akauliza.

"Hawaelimiki, mama. Ni samaki."

"Bwana Kidunda, wizara hii haina neno 'hawaelimiki'."

Waziri akainua mkono kwa upole. "Tumsikilize mtaalamu. Bwana Samaki, sisi tunataka wakae pamoja. Tuambie inavyowezekana. Tunakushukuru."

Anselmi akavuta pumzi. Akaeleza kama alivyokuwa akiwaeleza watu wa mabwawa miaka yote. Kwanza, wachaguliwe samaki wanaokaribiana ukubwa. Hilo likishindikana, wapole watangulie kuingia, wazoee maji, kila mmoja ajue kona yake. Mkali aingie mwisho, akiwa mgeni. Yawekwe mawe yenye matundu na majani mengi, ili mdogo akifukuzwa apate pa kujificha. Chakula kimwagwe pande zote mbili za tangi, sio upande mmoja. Na kiwepo kioo cha kugawa tangi katikati, kikae tayari pembeni, mambo yakiharibika kitumbukizwe.

Kamati ilijadili kwa siku tatu. Kumbukumbu ninazo.

Kuhusu nani atangulie, Bi Perpetua alisema haijawahi kutokea mkubwa akafika ukumbini akakuta wadogo wameshakaa. Kuhusu mawe na majani, Waziri aliumia moyoni kabisa. "Katika nchi yenye utulivu," akauliza, "anajificha nani, na anamficha nani?" Mawe yakaondolewa. Kuhusu chakula, ilionekana ni heshima kukimwaga mbele ya Mshikamano, naye kwa hekima yake atawagawia wengine. Kuhusu kioo cha kugawa, mjumbe mmoja alisema neno "utengano", na baada ya neno hilo hakuna aliyetaka kuonekana anakiangalia kioo.

Anselmi aliulizwa kama ana la kuongeza.

"Sina," akasema. "Nimeshachoka kuongeza."

Nikaandika: mtaalamu ameridhika.

*

Siku ya uzinduzi bendi ya magereza ilipiga tarumbeta sebuleni mpaka vikombe vikacheza kabatini. Mshikamano aliingizwa kwanza, kwa bakuli la fedha, wimbo wa taifa ukipigwa. Aliogelea mara moja kuzunguka tangi lote, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba aliyopewa, kisha akasimama katikati. Halafu gapi arobaini wakamiminwa kutoka kwenye mfuko.

"Tazameni," Waziri akasema mbele ya kipaza sauti. "Tazameni jinsi ukubwa unavyoweza kuukaribisha udogo!"

Dakika ya kwanza Mshikamano hakusogea. Tulipiga makofi. Dakika ya pili alisogea. Mpiga picha wa televisheni, mtu mzima mwenye watoto watano na akili zake timamu, aliinua kamera polepole mpaka kwenye picha ya Rais iliyotundikwa ukutani, akaishikilia hapo hadi muda ukaisha. Wananchi walioangalia jioni ile walijifunza uso wa Rais kwa dakika tatu na nusu.

Kesho yake asubuhi Anselmi aliwahesabu gapi. Walikuwa kumi na tisa. Kulikuwa na Daftari la Tangi, ambalo lazima lijazwe kila siku na kutiwa sahihi na watu watatu: yeye, Bi Perpetua na mimi. Tulikaa sebuleni pale tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu ya safu moja.

"Ishirini na moja wako wapi?" Bi Perpetua akauliza.

"Wameliwa, mama."

"Safu hiyo haipo. Kuna 'Wapo', kuna 'Wamestaafu', kuna 'Wamehama'."

"Basi chora safu nyingine."

"Daftari limeshapigwa chapa ya serikali. Na hata lisingepigwa, Bwana Kidunda, wewe unataka niandike nini? Kwamba Mshikamano amewala Wananchi? Isome mwenyewe kwa sauti uone."

Hakuisoma. Alikuwa amesimama siku nzima. Wageni wa Waziri ndio walioruhusiwa kukalia makochi. Alijishika kiuno, akaegemea ukuta, akafumba macho. Nadhani alikuwa anaiona Kisanga.

"Andika wamehama," akasema.

"Kwa amri au kwa hiari? Kuna vijisanduku viwili."

"Kwa hiari. Andika wamehama kwa hiari, mama, niende nyumbani."

Mwandiko ni wangu. Niliandika kwa herufi nzuri, nikapuliza wino ukauke, tukatia sahihi watatu.

*

Baada ya hapo kazi ilienda vizuri. Kila wiki gapi wapya waliletwa kutoka dukani, na kila wiki wengine walihama. Anselmi aligundua kwamba Mshikamano akishindiliwa vipande vya nyama na minyoo mchana kutwa, jioni tumbo linamwelemea, anatulia chini ya tangi kama gogo, na gapi wanapita mbele ya pua yake bila kudhurika kwa zile dakika tano za televisheni. Nchi nzima ilishangilia. Wajumbe wa nchi jirani walikuja kuona. Mmoja wao aliuliza kama samaki mkubwa ni mgonjwa; tukamwambia amekomaa.

Usiku Mshikamano alipata njaa tena. Asubuhi daftari lilijazwa.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye kumbukumbu. Anselmi alileta kwenye mfuko wa koti lake chungu cha maua kilichovunjika mdomo, akakilaza nyuma ya pampu ya hewa, mahali kamera haifiki. Ndani yake gapi saba waligundua kwamba oska haenei. Walikuwa wanatoka kula na kurudi mbio. Kila asubuhi Anselmi alipiga magoti kwa shida, akachungulia, akahesabu saba, na uso wake ukawa wa mtu mwingine kwa muda kidogo. Mimi niliona, nikajifanya nanoa penseli.

Ilikuwa wiki ya sita Bi Perpetua alipochungulia naye.

"Hiki nini?"

"Chungu, mama."

"Ni maficho."

"Ni saba tu."

Chungu kilitolewa siku hiyohiyo, kikawekewa lebo, kikahifadhiwa stoo kama kielelezo. Kesho yake saba walikuwa wamehama kwa hiari. Safari hii Anselmi alitia sahihi bila kusoma.

*

Nyumba ya pili kutoka kwa Anselmi alikaa mwanamke aliyeitwa Mama Nyamizi, mke wa fundi baiskeli Lameki Sengo. Asubuhi ya Kutokuelewana Kudogo, Lameki alichukua ndoo ya bluu, akasema anakwenda na wenzake kuuliza habari za maji, atarudi kabla uji haujapoa. Tangu siku ile hakuonekana. Hakuwa peke yake. Mtaa ule ulikuwa na milango thelathini na moja ya namna hiyo. Mama Nyamizi alikwenda polisi, akaenda hospitali, akaenda gereza la mkoa, akaenda tena polisi. Kila mahali alijaza fomu. Alikuwa amejaza nyingi kiasi kwamba makarani walimwomba awasaidie wengine wasiojua kusoma.

Jumapili moja mchana, Anselmi akiwa amelala chali kwenye mkeka kupumzisha mgongo, mama huyu aliingia uani na bahasha.

"Hodi, Baba Kidunda. Nimeletewa jibu la serikali."

"Karibu, Mama Nyamizi. Soma tu, nakusikia. Nikikaa nitashindwa kusimama."

Akasoma. Barua ilikuwa na nembo ya wizara yetu. Ilimshukuru kwa subira yake. Ilimjulisha kwamba baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kuwa Lameki Sengo na wenzake thelathini wamehama kwa hiari. Aya ya pili ilimkumbusha kuwa, kwa sababu wahusika hawajafa, kuweka matanga kwa ajili yao ni kosa, na anayetaka kuwalilia awalilie kimyakimya ndani ya nyumba yake.

Anselmi alikaa. Hakusikia mgongo.

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Wamehama."

"'Wamehama kwa hiari.'" Mama Nyamizi alikunja barua. "Wewe ni mtu wa wizara, Baba Kidunda, nimekuja nikuulize wewe. Wamehamia wapi? Niambie tu nauli ni kiasi gani, nimfuate. Pale uani pangu kuna baiskeli nne za watu zimepinduliwa, tairi nje, vipuri kwenye sahani. Lameki anahama, anaacha baiskeli za watu namna hiyo? Lameki huyu ninayemjua mimi?"

Anselmi alimwangalia mpaka mama wa watu akaona aibu kwa niaba yake, akaaga, akaondoka.

Jumatatu alikwenda moja kwa moja sebuleni kwa Waziri, hakupita hata kwa samaki. Nilikuwepo na kalamu.

"Mheshimiwa, yale maneno ya kwenye daftari. Nani ameyapeleka kwenye barua za watu?"

Uso wa Waziri ulichanua. "Bwana Samaki! Nilikuwa nakutafuta nikushukuru. Unajua tulihangaika kiasi gani? Wanasheria wanane, wiki sita, hawakupata neno. Wanasema 'wametoweka', lina maswali. 'Hawajulikani walipo', lina maswali zaidi. Siku moja nafungua Daftari la Tangi, naona maneno matatu. Laini! Hayana mtu wa kulaumiwa ndani yake. Nimekuombea nishani."

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa nasema habari za gapi."

"Na ndio uzuri wake," Waziri akasema. "Yanafaa kote."

*

Wafadhili wa ng'ambo walitaka kuwe na Tume, na nchi yetu haijawahi kuwanyima wageni kitu. Ikaundwa Tume ya Kuthibitisha Kwamba Hakuna Kilichotokea, chini ya jaji mstaafu mwenye sauti nzito na usingizi mwepesi. Vikao vilifanyika wazi, kwenye ukumbi wa wizara, saa nne asubuhi. Viti vya mbele walikalia wageni na maofisa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walisimama wanawake wa Mtaa wa Mabati, thelathini na moja, na Mama Nyamizi kati yao akiwa amejifunga kitenge chake kizuri.

Siku ya kwanza na ya pili mashahidi walisema walichoandikiwa. Siku ya tatu aliitwa Anselmi Kidunda, awe shahidi wa kitaalamu, afafanue kisayansi kuhama kwa hiari. Bi Perpetua alikuwa amemchapia maelezo kurasa mbili. Aliyaweka mezani, akayanyoosha kwa kiganja, akayageuza juu chini.

"Shahidi," Jaji akasema, "una uzoefu gani?"

"Nimefuga samaki miaka thelathini na minne, Mheshimiwa Jaji."

"Ieleze Tume: kiumbe mdogo anayeishi pamoja na kiumbe mkubwa, anaweza kuhama kwa hiari yake bila kuaga?"

Anselmi alivuta pumzi, taratibu kiasi kwamba Jaji alisinzia na kuamka. Waziri, kwenye kiti cha mbele, alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa kumtia moyo.

"Tangi lile lina kuta nne za kioo," Anselmi akaanza, kwa sauti yake ileile ya kubana pumzi. "Juu lina kifuniko chenye komeo, na ufunguo ninao mimi. Mlango hamna. Samaki hana pa kuhamia. Nimewahesabu kila asubuhi kwa miezi minne, na wale wote waliopungua waliliwa. Aliyesema wamehama ni mimi. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, mgongo unaniuma, nataka kwenda kulala. Hakuna sayansi yoyote pale. Palikuwa na mtu aliyechoka."

Ukumbi ukatulia, na ulikuwa utulivu tofauti na ule wa wizara yetu.

"Waliliwa na nani?" Jaji akauliza, akiwa macho sasa.

"Na mkubwa. Mle ndani hamkuwa na mwingine."

"Shahidi, unazungumzia samaki?"

"Mimi najua samaki tu, Mheshimiwa. Lakini nina jirani, Lameki Sengo, fundi baiskeli. Alitoka na ndoo ya bluu kwenda kuuliza maji. Uani kwake kuna baiskeli nne za watu, zimepinduliwa, vipuri kwenye sahani. Mwaka jana alihamisha kibanda chake hatua ishirini tu, na kabla hajahama alizungusha baiskeli zote kwa wenyewe, moja moja. Mtu yule hakuhama. Mke wake anaambiwa asimlilie kwa sababu ya maneno yangu mimi. Nayafuta. Mbele ya wote hapa, nayafuta."

Waziri alikuwa ameacha kutabasamu, ila mdomo wake haukujua uende wapi. Bi Perpetua alisimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua nani atangulie kusema.

"Karani," Jaji akaniambia, "hayo usiyaandike."

Nilikuwa nimeshayaandika. Sikukusudia ushujaa, nawaombeni msinisingizie. Ni mazoea ya kazi: mtu akisema, mkono unaandika. Yalikuwa kwa wino, kurasa zimepigwa namba na chapa ya serikali, na ukurasa wenye chapa, kwa mujibu wa kanuni ambayo Bi Perpetua mwenyewe aliitunga, hauchanwi. Mgeni mmoja wa ng'ambo aliomba nakala. Nikampa, hakuna aliyeniambia nisimpe.

*

Taarifa ya Tume ilitoka baada ya wiki mbili. Ilisema kwamba imethibitika samaki ni samaki. Kuhusu watu wa Mtaa wa Mabati ilisema maneno "wamehama kwa hiari" yamesitishwa kwa muda, wakati serikali inatafuta mengine bora zaidi. Wanasheria wanane wakarudishwa kazini.

Anselmi alipokea barua ya kumjulisha kwamba amestaafu kwa ombi lake. Hakuwa ameomba. Vitu vyake aliletewa na dereva kwenye katoni ya sabuni: kikombe, kipimajoto cha maji, kandambili. Kisanga ilibidi isubiri. Bwawa halichimbwi bila fedha, na mafao yake yalikuwa yanatafutiwa faili.

Mbadala wake hakupatikana. Gapi wa mwisho walipokwisha, hakuna aliyethubutu kuagiza wengine, kwa kuwa hapakuwa tena na neno la kuwaandikia. Mshikamano alibaki peke yake katika tangi lote, anene, azunguke, asimame katikati. Mwisho wa mwezi Waziri alitokea kwenye televisheni, akautangazia umma kwa furaha kwamba kwa siku thelathini mfululizo hakuna samaki aliyemgusa mwenzake katika Tangi la Taifa. Alitushukuru sote. Baadaye kidogo akapandishwa cheo.

Mimi nilirudishwa Idara ya Mizani na Vipimo, na hilo sikulilalamikia.

Jumamosi moja alasiri, kwenye mwezi wa kumi na moja, nilipita Mtaa wa Mabati. Nilikuwa nimepita tu. Nikakuta uani kwa Mama Nyamizi kumetandikwa mikeka, ya kwake na ya kuazima, na masufuria makubwa yako motoni. Wanawake walikuwa wameshaanza kuingia, mmoja mmoja, kila mmoja anavua kandambili mlangoni. Anselmi Kidunda alikuwa anabeba mabenchi kutoka kanisani, mgongo wake ule ule, anakataa kusaidiwa. Aliponiona alinipa upande mmoja wa benchi bila salamu, nikaubeba.

Hatukuwa tumemaliza kuyapanga wakati sajini wa polisi alipofika na baiskeli. Alikuwa mtu wa makamo, jasho limemlowesha kola, na alionekana kama ametumwa mahali kumi kabla ya pale.

"Nani mwenye nyumba?"

"Mimi," Mama Nyamizi akasema, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Huu ni mkutano? Mna kibali?"

"Si mkutano, afande. Ni matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya mume wangu."

Sajini alifungua daftari lake, akalifunga, akalifungua tena. "Mama, sisi tuna maelekezo kwamba hawa hawajafa."

"Maelekezo yamesitishwa," Anselmi akasema, akitua benchi chini. "Yako kwenye taarifa ya Tume, ukurasa wa mwisho. Neno 'wamehama' limeondolewa. Sasa kama hawakuhama, afande, na nyumbani hawapo, wewe niambie mama huyu afanye nini."

Sajini alimwangalia Anselmi. Akaangalia mikeka, masufuria, na wanawake waliokaa. Akasogea kando ya ukuta penye kivuli, ambapo baiskeli nne zilikuwa bado zimepinduliwa, akasimama pale kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuitwa. Mwisho akatoa kalamu.

"Lazima niandike kitu," akasema. "Siwezi kurudi na ukurasa mtupu. Jina la marehemu?"

Neno lile lilimtoka kwa mazoea ya kazi, kama yangu yalivyonitoka. Nadhani hata yeye alishtuka kulisikia. Lakini hakulirudisha.

"Lameki Sengo," Mama Nyamizi akasema.

"Lameki, kwa K?"

"Kwa K. Na uandike vizuri."

Sajini akaandika. Mama Nyamizi alikuja kusimama ubavuni mwake, akawa anaifuata kalamu herufi kwa herufi mpaka jina likakamilika, na mbele ya jina, neno marehemu. Alilisoma mara mbili. Kisha akarudi kwenye mkeka, akakaa, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha miezi saba, na wanawake wenzake wakamsogelea pande zote nao wakawalilia wa kwao.

Sajini alibaki amesimama na daftari mkononi, hajui aende au abaki. Anselmi akamsogezea benchi.